Hotpoti ya Mama Limi

"Zizi lina tundu. Ziba kabla ya saa kumi."

Asteria aliusoma ujumbe mara moja, akaufuta, akaendelea kutembea kati ya makarasha ya Geita yanayosaga mawe ya dhahabu.

Zizi lilikuwa simu yake. Tundu lilikuwa kwenye mfumo wake, na Pantaleo, mtorosha dhahabu, alikuwa ameshanunua njia ya kulipitia ifikapo saa kumi. Ndani ya simu kulikuwa na jina la Masudi, mchimbaji aliyekuwa akiripoti magari ya Pantaleo kwa Idara ya upelelezi, alikofanya kazi Asteria.

Pantaleo akiingia humo, Masudi haoni kesho.

Simu za watu wengine hujisasisha zenyewe, mwenye simu anakoroma. Ya Asteria haikuwa na akaunti ya kampuni yoyote wala bwana mkubwa wa ng'ambo wa kuiamrisha. Faida yake, hakuna aliyejua ilipo. Hasara yake, kila sasisho lilitengenezwa kwa mkono na Mama Limi, fundi simu wa mtaa wa Kambarage na bosi wake, kisha likapanda basi ndani ya memori kadi kama abiria mwingine.

Saa sita na nusu basi likaingia. Kondakta Eustace akamkabidhi hotpoti, kicheko kikiwa kingi mno usoni.

"Matobolwa ya shangazi yako, dada. Nimeyalinda kama mboni."

"Hujaonja?"

"Mimi niibe viazi vikavu?"

Kadi ilikuwa chini ya matobolwa. Akaichomeka. Simu ikapima muhuri wa faili, msururu wa namba na herufi unaothibitisha limetoka kwa Mama Limi.

Ikakataa.

Akaazima kitochi, simu ndogo ya muuza maji aliyekuwa jirani, akapiga Kambarage.

"Shikamoo, Mama Limi."

"Marahaba. Nisomee mkia wa muhuri."

"Tisa, F, sifuri, B."

Mama Limi akalinganisha na daftari lake.

"Wangu unaishia saba, saba, A, mbili. Kadi hiyo si yangu, mwanangu. Eustace ametuuza."

Mkono wa Asteria ulishafika kwenye bastola chini ya kitenge. Akaurudisha. Kumkamata Eustace sasa ni kumpigia Pantaleo filimbi ya kukimbia.

Mkobani alikuwa na simu ya pili ya aina ile ile, tupu, milango yote wazi, inayokubali chochote kama mlevi wa harusini. Akaipa kadi ya Pantaleo. Dakika kumi na mbili, ndefu kuliko foleni ya kisima. Ilipowaka akaitia laini, akaizima sauti, akaifunga kwa nailoni, akailaza chini ya hotpoti.

Juu akamwaga karanga.

Usukumani chombo cha mtu hakirudi kitupu. Eustace alilijua hilo tangu yuko mgongoni kwa mama yake, basi hakushangaa. Alipoombwa amrudishie Mama Limi hotpoti yake, aliipokea, akachota karanga kiganja kimoja, na basi likaondoka kuelekea Kahama.

Saa tisa na robo redio ikakoroma. Masudi.

"Nyeupe imetoka. Njia ya Katoro. Mwenye mali yumo."

"Ondoka hapo."

"Nishaondoka, dada. Mimi si mti."

Asteria alikuwa kando ya njia hiyo hiyo, juu ya pikipiki yake ya SanLG. Lori la magogo lilikuwa limeegeshwa kama bovu, polisi sita nyuma yake. Land Cruiser nyeupe ilipotokeza, lori likapona ghafla, likaziba barabara.

Pantaleo akashushwa, simu mkononi. Akaitazama ramani. Akamtazama Asteria. Akaitazama tena.

"Lakini wewe uko Nyahanga, Kahama," akasema, kama mtu aliyedhulumiwa.

"Zilizoko Nyahanga ni karanga."

Chini ya viti kulikuwa na kilo kumi na moja za dhahabu. Kwenye mfuko wa shati lake, kadi halisi, aliyoiweka ili mafundi wake waichungulie. Asteria akaichomoa kwa vidole viwili, akaichomeka, akapiga kwa kitochi.

"Saba, saba, A, mbili."

"Huo wangu. Funga zizi."

Saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Akabonyeza.

"Na hotpoti yangu?" Mama Limi akauliza.

Asteria akamwambia iko Nyahanga mikononi mwa askari, pamoja na Eustace, na kwamba karanga zimepungua.

"Nilijua tu."

Akavaa kofia, akawasha pikipiki, akaenda kumtafuta muuza maji amrudishie kitochi chake. Saa kumi kasoro dakika tatu simu ikawaka upya mfukoni mwake, na hakuna aliyejua ilipo.