Karibu Tukule

Siku ile korongo waliruka kabla Appolinaire hajasikia kitu, na hapo ndipo alipopaswa kustuka. Korongo wenye taji hawaruki ovyo saa saba mchana. Jua likiwa kali namna ile wanasimama tu kwenye majani mafupi, mguu mmoja juu. Lakini wote kumi na mmoja waliruka kwa pamoja wakavuka ziwa. Appolinaire, tonge la bugali mkononi, akasikia hatua nyuma yake kwenye majani yenye maji, chwa, chwa, hatua za mtu asiye na haraka. Hakugeuka. Alisema tu kile ambacho mtu wa Fizi, kule Kongo, hufundishwa kusema tangu hajaota meno.

"Karibu tukule!"

Hatua zikasimama. Hakuna aliyejibu asante, hakuna aliyesema nimeshiba. Alipogeuka aliona mafunjo yanatikisika, na upepo haukuwepo hata wa kuzima kibiriti. Kwenye tope, karibu kabisa na sahani yake, palikuwa na alama ya kwato, ndefu na nyembamba, imepasuka katikati. Ni nzohe, akajiambia, yule swala wa kwenye mafunjo anayetembea juu ya tope bila kuzama. Kumbe nimemkaribisha mnyama chakula! Akacheka kwa sauti, peke yake, maana wiki zile hakuwa na wa kucheka naye.

Ulikuwa mwaka 2009, na Appolinaire alikuwa na kazi ya ajabu kwa mkulima: alilipwa kuhakikisha ardhi hailimwi. Bonde lile upande wa pili wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kando ya ziwa, lilikuwa la ukoo mmoja wa Wanyankole, na babu zao walikuwa wamelitenga wakae wanyama. Ng'ombe haingii, jembe haliingii, mshale ndiyo kabisa. Kamati ya ukoo ilimpa panga, buti za mpira na daftari. Kung'oa vichaka vya miba vinavyoua majani, kufyeka ukanda mpana pembeni ili moto wa wafugaji usivuke, kuhesabu korongo na nzohe kila asubuhi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, pamoja na kibanda cha mabati ukingoni mwa bonde. Jirani wa karibu alikuwa mwendo wa nusu saa kwa mguu.

Aliishi humo na mkewe Bénédicte. Waliitana Baba Junior na Mama Junior, ingawa Junior mwenyewe alibaki kwenye njia ya ukimbizi mwaka tisini na nane, na hakuzaliwa mwingine. Sasa Bénédicte alikuwa Mbarara, kwenye hospitali ya misheni ya Ruharo, amefungwa bandeji macho yote mawili. Daktari alisema wiki sita, na alisema akipata mstuko au akilia sana, macho hayatapona. Kigoda chake kilikuwa pale pale mezani, mkabala na cha mumewe. Appolinaire hakuwa na moyo wa kukitoa.

Kesho yake mchana alikula nyumbani. Alitoka nje kunawa, aliporudi akakuta sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, imepungua nusu. Akalaumu kuku. Kuku gani, jamani, mtu huyu hakuwa na kuku hata mmoja! Siku ya tatu alikuta kigoda cha mkewe kimeloa, na chini yake kidimbwi cha maji ya kahawia chenye harufu ya tope la ziwa na ngozi mbichi. Akapangusa. Siku ya nne akapangusa tena.

Siku ya tano, amekaa anakula, sauti ya mwanamke ikamwambia kwa upole kutoka upande wa pili wa meza: "Chumvi imepungua, Baba Junior."

Hakukuwa na mtu. Kigoda kilikuwa kinadondosha maji, tone, tone. Angekimbia, na mimi ningemsifu. Lakini nitasema ukweli ulivyo, hata kama unamwaibisha: alinyoosha mkono akaongeza chumvi. Wiki tatu hakuna aliyekuwa amemwita kwa jina hilo, na upweke ulikuwa umemla mpaka ukafika penye mfupa. Siku zilizofuata alianza kuisubiri saa saba. Alisimulia habari za Fizi, za mvua, za miba iliyomchoma, na ile sauti ikawa inaitikia "eeh" mahali panapostahili, kama mke anayemsikiliza mumewe huku akichambua maharagi. Chakula kilikuwa hakina ladha tena mdomoni mwake, suruali ikaanza kumlegea, na daftarini, penye safu ya korongo, aliandika sifuri asubuhi tisa mfululizo. Yote hayo aliyaona akayaacha yapite.

Siku iliyomwamsha ni ile sauti ilipouliza, "Baba Junior, ule wa Ruharo atarudi siku gani?"

"Juma lijalo."

"Hapa viti viko viwili tu," ikasema. "Yeye atakaa fasi gani?"

Akarudisha tonge kwenye sahani. Kwa mara ya kwanza aliogopa, akaogopa kweli kweli.

Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa mzee Kabera, mwenyekiti wa kamati ya ukoo, akamkuta anafunga zizi. Akamweleza tangu korongo waliporuka. Mzee aliacha mti wa zizi ukaanguka.

"Wewe naita yeye kula?" aliuliza kwa sauti ya chini, akiangalia bondeni. "Kwa mdomo yako?"

"Nilisema karibu tu, mzee. Kwetu kama mutu anapita na uko unakula, unamukaribisha. Ni adabu."

"Ssebo, mlinzi ya kule nakula kimya. Nageuza mgongo kwa majani. Baba yangu nafanya hivyo, babu yangu nafanya hivyo. Sisi tunaacha ile ardhi kwa wanyama na mwenyewe ya wanyama. Hapana ongea na yeye, hapana ita."

"Sasa juu ya nini hamukuniambia? Mulinifundisha moto, mulinifundisha miba!"

"Mimi najua aje kama mtu mzima naita majani kula?" Kabera alisema, na hakuwa anatania. Alifunga zizi haraka na hakumkaribisha ndani.

Asubuhi Appolinaire alipanda pikapu ya samaki hadi Kaberebere, kisha Mbarara, akashukia Ruharo. Bénédicte alikuwa ameketi kitandani, uso umeinuliwa kuelekea mlangoni kama wanavyofanya wasioona. Alitabasamu, kisha tabasamu likasita.

"Baba Junior, umekuya na nani?"

"Niko peke yangu."

"Minasikia hatua za batu mbili." Akavuta pumzi. "Na uko unanuka matope. Nani anakufulia nguo?"

"Ni kazi ya bonde, Mama Junior. Hakuna mutu." Akamshika mkono, akaangalia sakafu ya wodi iliyopigwa deki muda si mrefu. Pembeni ya buti zake palikuwa na alama nyingine, ndefu, zimepasuka katikati, zinatoka mlangoni hadi ukingo wa kitanda. Zilikuwa zimeelekeza ncha kwa Bénédicte.

Alitoka pale mbio. Mchuuzi mmoja wa samaki alikuwa amewahi kumtajia Biharwe, kwenye barabara ya Masaka, kwa mjane wa Kiislamu aitwaye Zaharah, mzaliwa wa Kigoma, ambaye huuza viungo vya pilau mbele na kuwaombea watu nyuma. Appolinaire alikuwa shemasi kanisani. Alizunguka lile duka mara tatu kabla ya kuingia.

Bi Zaharah alisikiliza hadi mwisho huku akipepeta bizari. "Hilo ni jini la maji," alisema. "Na wala halikuvunja mlango, baba. Wewe umelialika kwenye chakula, likakubali, likawa mgeni wako. Mgeni hafukuzwi kwa fimbo. Anaachwa bila kukaribishwa mpaka aone haya."

"Nifanye nini, mama?"

"Kesho saa saba, pakua chakula. Kigoda cha mkeo kipindue miguu juu. Kula mpaka sahani iwe tupu. Usiseme neno, hata likikuita, hata likilia. Ukijibu moja tu, basi, hutaliweza tena." Akamfungia chumvi ya mawe kwenye gazeti. "Hii mwaga kizingitini. Na usome."

"Mimi ni shemasi, mama. Sijue kusoma ya kwenu."

"Soma zaburi yako. Jini haliulizi kadi ya kanisa." Alicheka kidogo, halafu akamshika kifundo cha mkono, naye hakucheka tena. "Nisikilize vizuri. Halitakufa, litarudi bondeni kwake. Litapita pita mlangoni kwako, maana limeshajua utamu wa kukaribishwa. Kwa hiyo kila anayelala nyumba ile ajue: asimkaribishe mtu kabla hajamwona uso na miguu. Mkeo atokapo hospitali, mwambie. Mwambie siku hiyo hiyo. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Kesho yake saa saba alikaa mezani, kizingiti cheupe kwa chumvi, kigoda kimepinduliwa. Alisikia hatua zinakuja kutoka bondeni, chwa, chwa, zikapanda ukingo, zikazunguka kibanda mara moja, mara mbili, na harufu ya ngozi mbichi ikapenya kwenye matundu ya misumari ya mabati. Alimeza tonge la kwanza. Hatua zikasimama mlangoni.

"Baba Junior," ile sauti ilisema. "Leo hausemi?"

Alimeza la pili.

"Kiti yangu imeanguka. Nisimamishie."

La tatu. Jasho lilikuwa linamwingia machoni, naye akawa anaisoma zaburi kichwani akiruka mistari, anaanza upya, anaruka tena, huku mlangoni ile sauti ikianza kulia, si kilio cha kutisha, bora ingekuwa cha kutisha, bali kilio kidogo cha mtu aliyezoea kulia mahali ambapo hakuna wa kumsikia, ikisema tangu babu za Kabera walipowatoa watu bondeni na kuwaachia wanyama imekaa na nzohe na korongo miaka isiyohesabika, walinzi wanakuja, wanakula, wanageuza mgongo, wanakufa, wanakuja wengine, wanageuza mgongo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua kinywa akasema karibu isipokuwa yeye Appolinaire, yeye peke yake, kwa hiyo aseme tena, neno moja tu, naye alikuwa anatafuna machozi na bugali pamoja kwa sababu kila neno la yule kiumbe alilijua, alikuwa amelala nalo wiki nzima, na mkono wake wenyewe ulikuwa umeanza kunyooka kwenda kukisimamisha kile kigoda.

Akaurudisha. Akapangusa sahani kwa tonge la mwisho, akameza.

Halafu hatua zikateremka polepole hadi bondeni. Baada ya kitambo korongo wakarudi kutoka ng'ambo ya ziwa, akawahesabu mlangoni, kumi na mmoja, na akalia kwa sauti kubwa ya furaha na ya huzuni, vyote viwili.

Bénédicte alitoka hospitali siku ya Ijumaa, amevaa miwani myeusi. Alikuwa anaona, ingawa kwa ukungu kidogo. Alishika mashavu ya mumewe mbele ya lango akasema, "Umekonda, lakini niko nakuona," na Appolinaire akajiambia atamweleza wakifika Kaberebere. Walipofika Kaberebere Bénédicte alikuwa anaimba nyimbo za kwaya, anamshukuru Mungu kwa kila mti anaouona. Utamwambiaje mama wa kwaya kwamba ulikwenda kwa mganga huko Biharwe? Na kwamba kabla ya hapo ulikaa mezani na mwanamke mwingine siku baada ya siku, ukamsimulia mambo ya Fizi? Na daktari alisema asistushwe. Nitamwambia nyumbani, akajiambia. Nyumbani akajiambia, nitamwambia akishakula. Woga wa aibu ni ujinga mtupu, lakini nani kati yetu hana?

Bénédicte hakutaka kupumzika. Alifagia ile chumvi ya kizingitini bila kuuliza, akakisimamisha kigoda chake, akapika sombe na bugali kwa mikono yake. "Nenda kunawa," alimwambia. "Chakula kiko tayari."

Appolinaire alikuwa nyuma ya kibanda, ameinamisha mtungi wa maji, sabuni mikononi, aliposikia mabawa. Aliinua macho. Korongo wote walikuwa wanavuka ziwa.

Alidondosha mtungi. Kabla hajapiga kelele, kutoka upande wa mbele wa kibanda akasikia chwa, chwa, hatua za mtu asiye na haraka, halafu sauti ya mkewe, changamfu, yenye adabu zote za kwao:

"Karibu tukule, mama! Ingia, ingia!"

Kigoda kikaburutwa sakafuni.

"Baba Junior!" Bénédicte aliita. "Leta sahani ingine. Huyu mama ameloa mwili muzima, masikini. Anasema wewe na yeye munajuana."