Watazamaji Waliokosa Viti

Kicheko kilisikika kabla mzaha haujatolewa.

Mwongozaji akasimamisha kamera. "Nani kacheka?"

Studioni walikuwa wanne tu: yeye, mpiga picha, fundi sauti na mdogo wa mwisho wa mwongozaji, ambaye wote walimwita Kibogoyo ingawa meno yake yalikuwa kamili. Kichekesho chenyewe walikuwa wamekicheza jukwaani miaka nenda miaka rudi: mzee bahili anajifanya amekufa ili asikie wanawe wanavyomsengenya. Watu walikuwa wakivunjika mbavu. Sasa kituo cha televisheni kilikitaka, ila kirekodiwe bila watazamaji. Vicheko vingepachikwa baadaye.

"Dada, njoo usikie," fundi sauti alinong'ona, akimpa mwongozaji hedifoni.

Alisikia pumzi za umati. Mtu alikohoa. Viti vikalia, kama ukumbini watu wanapojiweka sawa. Hapo akaanza kunusa udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa punde.

"Tuache kwa leo," Kibogoyo alisema kutoka kitandani, alikolala kama yule mzee bahili, shuka likimfunika kifuani. "Shuka hili linazidi kuwa zito, dada."

"Usinitanie. Malizia kufa, twende zetu tukale."

Akajinyoosha, akafumba macho. Vicheko vikalipuka, si hedifonini tena bali chumba kizima, vikapanda ukutani na kushuka darini, vya kike na vya kiume na vingine visivyo vya mtu, huku shuka likididimia kifuani pa Kibogoyo kama lililokaliwa, na dada yake akilivuta kwa mikono miwili, akiliita jina alilompa mama yao, na macho yasifumbuke.

Fundi sauti alitoka mbio akamleta mganga, akimsimulia yote njiani. Mganga alisimama mlangoni kwanza, akasikiliza.

"Kule ukumbini, viti vya nyuma vilikuwa vinajaa?"

"Havikujaa hata siku moja," mwongozaji alijibu.

"Vilijaa. Ninyi tu hamkuwaona. Kule walikuwa na pa kukaa. Hapa hamkuwawekea viti, ndiyo maana wamepanda jukwaani."

Akaweka kidole gumba kwenye paji la uso la Kibogoyo, akasoma kwa sauti ya chini mpaka jasho likamtiririka. Vicheko vikapungua. Nyayo zikaburuzika sakafuni, mlango ukafunguka wenyewe, harufu ikakatika. Kifua cha Kibogoyo kikapanda.

Dada yake akamwangukia, akalia kama mtoto. "Wametoka wote?"

"Waliokuwa wakicheka wametoka," mganga alisema, akaokota mkoba wake na kuondoka bila kugeuka nyuma.

Kibogoyo akaketi taratibu. Akavigeuzageuza viganja vyake, akavitazama kama nguo ya kuazima, kisha akamtazama mwongozaji kwa huruma.

"Samahani, mama," alisema kwa adabu. "Mwenye mwili huu alikuwa nani wako?"

"Alikuwa mdogo wangu," akajibu, na hilo "alikuwa" likawa limeshamtoka.