Mkeka wa Kwenda Nzega

Mkeka wa harusi uliharibika Alhamisi, na harusi ilikuwa Jumamosi. Ulianikwa juani asubuhi, na ulipotandikwa sebuleni mchana haukulala. Katikati ulivimba. Upande mmoja ulijikunja kuelekea juu.

Adinani alipita, akasimama kuutazama. "Huu mkeka au kichuguu? Bibi harusi atalala hapa aamkie mlangoni."

"Pita zako," alisema Sikuzani, mdogo wake.

Hakucheka, maana mkeka ule aliusuka yeye. Sikuzani alikuwa na miaka kumi na miwili. Dada yao mkubwa, Shamila, alikuwa anaolewa Nzega. Katika ukoo wao pale Tabora mjini, bibi harusi huondoka na mkeka uliosukwa na mdogo wake wa kike. Asubuhi ya kwanza mama mkwe na mawifi huja kumwona, naye huwatandikia huo. Sikuzani aliiomba kazi hiyo mwenyewe, mbele ya watu.

Aliyemfundisha ni shangazi yao, Mwamvua, ambaye kusuka mikeka ndiyo kazi yake. Alimwanzishia ukili, yaani ule utepe mrefu wa ukindu, majani makavu ya mkindu, ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Kisha akasafiri kwenda Ziba kumwuguza binti yake aliyejifungua.

"Kila siku baada ya alasiri, suka urefu wa mkono wako," alimwambia kabla ya kuondoka. "Usizidishe, usipunguze. Ukindu ulowanishe kwa kitambaa tu, usiuloweke."

Mwanzoni Sikuzani alifuata. Ukili ulitoka umekaza, upana wake ule ule. Baadaye shule zikafungwa, na jirani yao Julieth akaanza kumwita kutazama tamthilia kwao.

"Nina mkeka," Sikuzani alisema.

"Mkeka una miguu? Utaukuta hapo hapo."

Sikuzani alijiambia kwamba kesho atasuka urefu wa mikono miwili. Kesho yake akasema mitatu. Siku nyingine alikaa akasuka kidogo kwa haraka, akaona mkono mzito, akaacha. Ukili ulikaa kwenye kapu chini ya kitanda.

Jumatatu jioni shangazi alipiga simu kwamba Jumatano asubuhi atafika, washone pamoja. Jumanne Sikuzani aliamka mapema, akautumbukiza ukindu wote uliobaki kwenye beseni la maji ili ulainike upesi. Akasuka mpaka magharibi, vidole vikamchubuka. Urefu ukatimia. Alilala akiwa na furaha.

Shangazi alipofika na kuushika ukili, aliuliza, "Mbona huu una majimaji?"

"Nimeulowanisha ili tushone vizuri, shangazi."

Shangazi alimtazama, akachukua sindano. Walishona kutwa nzima. Mkeka ukiwa bado na maji ulionekana mzuri. Jua la Alhamisi ndilo lililosema ukweli. Ukindu uliolowa maji ulikauka, ukasinyaa, ukawavuta wenzake.

Sasa shangazi aliinama, akapitisha kiganja juu ya mkeka polepole. "Hapa ulikuwa unasuka kila siku. Hapa uliacha. Hapa ulirudi ukaacha tena. Na hapa ulikuwa unakimbizwa. Nani alikukimbiza?"

Sikuzani alianza kulia. "Nilisuka mwingi Jumanne. Nililoweka ukindu. Na jana nilikudanganya, shangazi."

"Urekebishe tu," alisema Shamila kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Si bado kesho ipo?"

"Kesho haitoshi, mwanangu," alisema shangazi. "Nikikudanganya nitakuwa wa pili."

Waliufumua jioni ile. Sehemu ya mwanzo ilibaki. Iliyosukwa ovyo ilikatwa ikatupwa. Jumamosi harusi ikafanyika, na Shamila akaenda Nzega bila mkeka ule. Shangazi alinunua ukindu mwingine, akamkabidhi Sikuzani, safari hii akikaa karibu naye. Kila siku baada ya alasiri Sikuzani alisuka urefu wa mkono wake, kisha shangazi akamnyang'anya hata kama bado alitaka kuendelea.

"Si bora nimalize, shangazi?"

"Hapana. Ukisuka mpaka uchoke, kesho utaukwepa. Nilipokwambia kila siku, hukuniamini. Ulidhani kazi ni wingi. Mkono ukiuachia wiki nzima unasahau kukaza, na ukiulazimisha siku moja unalegeza ili umalize. Mimi huwa sisubiri hamu ya kusuka. Saa ikifika nakaa. Kuna siku nasuka nimenuna, lakini ukili unatoka sawasawa."

Sikuzani alisuka. Siku Julieth alipokuja kumwita, alimwambia, "Nikimaliza nakuja," na alikwenda alipomaliza. Mkeka ulipokamilika ulilala sakafuni vizuri, na Adinani ndiye aliyeukunja kwa safari. Baba alimpa mtu wa basi aupeleke Nzega.

Shamila aliupokea akapiga simu kushukuru. Lakini hasara ilikwisha kuingia. Ukindu wa mkeka mzima ulinunuliwa, na zaidi ya nusu ukaenda jalalani. Sikuzani alikosa likizo ya Kwihara kwa binamu zake, kwa kuwa hakuweza kuacha kazi tena. Shangazi alikaa wiki kadhaa bila kusuka mikeka yake ya kuuza. Na ile asubuhi ya kwanza, mama mkwe na mawifi walipokuja kumwona bibi harusi, Shamila aliwatandikia mkeka wa plastiki wa dukani. Mmoja wao aliuliza kama hana mdogo wa kike. Shamila alijibu kwamba anaye.