Swali Nililoogopa Kumuuliza Mama Mizani

Nilikuwa ninang'oa misumari kwenye kisigino cha buti la mchukuzi, na nilikuwa nimefikia wa saba, mlango wa karakana uliposukumwa. Misumari ile ilikuwa imeshika kutu. Kila mmoja ilibidi niukamate kwa koleo, niutikise taratibu huku na huku, kisha niuvute bila kuichana ngozi.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi viatu. Alikuwa na meza ndefu, cherehani ya kushonea ngozi, mguu wa chuma wa kuvalisha kiatu wakati wa kupigilia misumari, na rafu tatu za viatu vilivyosubiri zamu. Karibu na mlango aliegemeza ukutani kioo kifupi, ili mteja ajitazame miguu tu. Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikala, nikaja kumsaidia. Nilikuwa darasa la sita.

Kazi ya mikono niliipenda. Kazi ya mdomo ndiyo iliyonishinda. Mwalimu akiniita nisome, sauti yangu ilitoka neno moja, ikakatika, ikarudi, ikakatika tena, mpaka wenzangu wakanibandika jina la Redio Mbovu. "Ipigeni kofi kidogo itashika," walisema. Basi nikajitafutia njia ya kukwepa: kuitikia kwa kichwa. Mtu akiniambia jambo nikalielewa, niliitikia kwa kichwa. Nisipolielewa, niliitikia vilevile.

Aliyeingia alikuwa Mama Mizani, muuguzi aliyepita nyumba kwa nyumba kupima watoto wachanga. Watu wazima walimwita hivyo bila wasiwasi. Sisi watoto tulidhani jina lile lilitokana na mwendo wake, kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine, na akitembea alipanda na kushuka kama mizani ya dukani. Kwa hiyo niliona jina lenyewe ni tusi, na mguu wake ni jambo la kufumbia macho.

Mjomba alikuwa ametoka kwenda kununua gundi. Mama Mizani aliweka mezani jozi ya viatu vyeusi, vipya. Alieleza kwamba fundi wake wa zamani alikuwa amehama, na viatu vyake vya siku zote vilikuwa vimepasuka vibaya. Alitaka soli ya kiatu kimoja, kile cha mguu mfupi, iongezwe sentimita tatu. Angevifuata kesho jioni, kwa maana keshokutwa alikuwa na mzunguko wa kilimani, na huko alikuwapo mtoto aliyezaliwa mdogo sana, ambaye hakutaka kumkosa.

"Umenielewa, mwanangu?" aliuliza.

Niliitikia kwa kichwa. Swali lilikuwa limenifika kooni: mguu upi, mama? Maneno matatu tu. Lakini niliona nikimuuliza nitakuwa nimemwonyesha kidole, na sauti yangu itakatika katikati, na mambo yatakuwa mabaya zaidi.

Alipogeuka kwenda mlangoni niliinamisha macho, nikamtazama miguu kwenye kile kioo kifupi. Niliona aibu kumtazama mwenyewe. Katika kioo, alikuwa kama mtu anayenijia, na kila hatua aliinamia upande uliokuwa kulia kwangu. Nikapiga hesabu kama tulivyofundishwa: mtu akikujia, mkono wako wa kulia uko upande wa kushoto kwake. Basi mguu mfupi ni wa kushoto. Nikachukua chaki nikaandika alama ya mkato chini ya kiatu cha kushoto. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya karakana yetu. Anayepokea kiatu ndiye anayetia alama, na fundi hukata anapoiona alama.

Mjomba aliporudi nilimweleza kwa maneno machache. Akakigeuza kiatu, akaitazama chaki.

"Ulimuuliza ni mguu gani?"

Nikaitikia kwa kichwa. Huo haukuwa woga tena. Ulikuwa uongo, na niliujua wakati ule ule shingo ilipokuwa ikishuka.

Kesho yake, saa kumi za jioni, mchukuzi alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri mabuti yake. Moja lilikuwa tayari, la pili bado, na alikuwa akimsimulia Mjomba habari za gunia lililompasukia mgongoni, mpaka akaonekana, alisema, kama samaki aliyepakwa unga. Mama Mizani akaingia. Mjomba alimpa viatu vyake vimeng'arishwa. Soli ya kushoto ilikuwa nene, imeshonwa kwa mishono midogo iliyolingana kama meno ya kitana.

Alivivaa, akasimama, akapiga hatua moja. Mwili ukamwenda upande, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Chupa ya rangi ya viatu ikaanguka. Alikaa polepole, akavivua, akavitazama.

"Fundi," alisema, "mguu wangu mfupi ni wa kulia."

Mjomba alinitazama mara moja. Nilikuwa nimeshika kitambaa, nikijifanya kufuta rangi iliyomwagika. Aliniuliza kwa upole kama Mama Mizani alikuwa ametaja mguu. Nilifuta pale pale pakavu. Niliona hata kichwa kimekataa kuitikia.

Mjomba akangoja, kisha akamgeukia mteja wake. "Unisamehe, mama. Huenda nilivichanganya mwenyewe mezani."

Mchukuzi akacheka, akapiga paja. "Miaka yote hii, fundi, leo ndiyo umepotelewa na kulia na kushoto? Basi mabuti yangu niyakague kabla sijayalipia, nisije nikaondoka na mawili ya mguu mmoja."

Mjomba alitabasamu kidogo, akainama kuokota chupa. Nilimwona shingo ilivyokuwa imekunjamana, na nywele za mvi juu ya kola. Alikuwa ameshona viatu tangu kabla sijazaliwa, na sikuwahi kusikia mtu akimcheka kazi yake. Nami nilikuwa hapo, nina mdomo, nimeufunga.

Mama Mizani alivaa kandambili zake akaondoka, akiivuta kamba ya mkoba begani. Mchukuzi naye akasema atakwenda kunywa chai kwa jirani, na akirudi ataona kama buti la pili limepatikana au limehamia mguu mwingine. Tukabaki wawili. Mjomba alikaa, akachukua kisu, akaanza kukata mishono ya soli ile moja baada ya nyingine. Mishono ya saa tatu nzima. Alama yangu ya chaki ilikuwa bado inaonekana chini ya gundi.

"Mjomba," nilisema.

Aliacha kisu. Alingoja tu. Nikaanza, nikakwama, nikaanza upya. Nilimweleza kwamba sikumuuliza. Nilimweleza habari ya kioo, na ya jana alipouliza nikamdanganya kwa kichwa. Maneno yalikatika mara nyingi, naye hakunimalizia hata moja.

Aliinuka, akasimama mbele ya kioo kifupi, akainua mguu wake wa kulia. "Unauona upande gani?"

Ulikuwa kulia kwangu. Nikaelewa. Mtu anayekujia kweli ndiye unayemgeuzia hesabu. Aliye kiooni huyo amekupa mgongo. Wa kulia wake unabaki kulia. Hesabu yangu nzuri ya darasani nusura imwangushe mtu, na mtu mwenyewe ndiye muuguzi wa watoto.

"Kioo hakikukosea," alisema Mjomba. "Ulikiuliza kitu ambacho mwenye mguu alikuwa tayari kukujibu." Akakaa tena. "Siwezi kukulaumu kwa kuogopa kusema. Hata mimi nilipokuwa mdogo nilijificha nyuma ya mlango wageni wakija. Lakini mdomo nao ni chombo cha kazi, kama hilo koleo. Ukiufungia kisandukuni siku zote, utaushika siku utakayouhitaji na kuukuta una kutu."

Nilimwomba aende yeye kwa Mama Mizani, amweleze. Alikataa, bila ukali. Alisema atafanya kazi yake ya kisu, nami nifanye yangu. Kisha akanipa mpangilio, kama alivyonifundisha kung'oa misumari. Kwanza nieleze kilichotokea. Halafu niulize ninachotaka kujua. Mwisho nirudie jibu nililopewa, ili aliyejibu asikie kama nimelipokea sawasawa. "Ukikatika, pumzika. Anza pale ulipokatikia. Hakuna anayekufukuza."

Nilifanya mazoezi mbele ya buti la mchukuzi. Lilinisikiliza vizuri, kuliko mwenyewe. Mara ya kwanza nilikwama kwenye "samahani". Mara ya tano nilifika mwisho.

Mama Mizani aliishi mtaa wa pili. Nilimkuta uani akianika mkoba wa kitambaa wenye matundu mawili ya miguu, ule anamomtia mtoto wakati wa kumpima. Nyuma yake, kwenye ndoano ya mlango, ilining'inia mizani ya chuma yenye uso wa duara kama saa ya ukutani. Nilisimama nikaitazama. Jina lake lilikuwa linaning'inia pale, wazi, na halikuwa tusi. Miaka yote nilikuwa nimeona aibu kwa ajili yake, aibu ambayo mwenyewe hakuwa nayo.

Nilimwamkia. Nikamwambia kwamba si Mjomba aliyekosea. Mimi ndiye niliyetia alama, na nilitia kwa kukisia kwa sababu niliogopa kumuuliza. Sauti ilikatika mara mbili. Alikuwa ameshika kibanio cha nguo mkononi, hakukitundika mpaka nilipomaliza.

"Uliogopa nitakasirika?"

"Niliogopa utaumia, mama."

Akakibana kibanio kwenye kamba. "Watu wananitazama mguu kila siku, kisha wanatazama pembeni haraka. Hilo ndilo linalonichosha. Wewe ungeniuliza ningekujibu, tukamaliza. Lakini leo nusura nivunjike nyonga." Hakulisema kwa hasira, na kwa sababu hiyo lilinichoma zaidi. Nilitazama miguu yangu. Kisha nikakumbuka kwamba sehemu ya pili ilikuwa bado.

Nikamuuliza. Mguu upi hasa, kimo gani, na kama soli iongezwe kisigino peke yake au kiatu chote. Hilo la mwisho hakuna aliyekuwa amelifikiria. Alijibu kwamba ni kiatu chote, ila mbele kipungue kidogo, hadi sentimita mbili, ili asijikwae kwenye kupanda, na kwamba fundi wake wa zamani alifanya hivyo bila kuambiwa, kwa hiyo alikuwa amesahau kulitaja.

"Mguu wa kulia," nilirudia. "Sentimita tatu kisigino, mbele mbili. Kiatu chote."

"Sawasawa," alisema. Akaongeza kwamba angeweza kuondoka kwenda kilimani saa nne asubuhi badala ya saa moja, maana ingekuwa Jumamosi na akina mama wangekuwa majumbani. Angepita karakana njiani.

Niliporudi mchukuzi alikuwa amesharejea kwenye benchi, na ndevu zake zilikuwa na makombo. Alikuwa akimuuliza Mjomba kama leo amekwishakumbuka upande jua linakotokea. Nilisimama katikati ya chumba. Mazoezi ya hili sikuwa nimefanya.

"Si Mjomba," nilisema. "Ni mimi niliyekosea alama. Yeye alikata nilipoweka chaki."

Mchukuzi aligeuka akanitazama. Mwanawe tulisoma darasa moja, na jina langu la shuleni alilijua. Akajifuta ndevu.

"Kumbe redio hii ina betri," alisema, lakini taratibu. Kisha akamwambia Mjomba, "Niwie radhi, fundi. Utani wangu ulipita mlango usio wake."

Mjomba alisema hakuna neno. Nikamuuliza mchukuzi buti lake la pili linamchoma wapi, maana jana nilikuwa naling'oa misumari yote bila kujua. Akavua soksi, akanionyesha: ni chini ya kidole gumba, wala si kisiginoni. Misumari saba ya kisigino nilikuwa nimeing'oa bure. Akaondoka na kandambili zake, akisema kesho si mbali.

Kabla ya kufunga, Mjomba alichonga soli mpya kwa vipimo nilivyomtajia. Nilivitaja mara mbili, naye akavirudia, kisha nikamwambia ndiyo kwa sauti. Alipaka gundi, akakibana kiatu cha kulia katikati ya vipande viwili vya mbao, akakaza parafujo. Gundi ile hukauka usiku kucha. Mishono ingesubiri asubuhi.

Tulipokuwa tukifagia vipande vya ngozi, alisema kwamba aibu niliyoikwepa mbele ya Mama Mizani ingekuwa ya pumzi moja tu, na kwamba niliipa siku nzima ikue. "Siku nyingine uliza mapema, ingali ndogo. Na ukishakosea, sema mapema pia." Akanipa kipande cha chaki, nami nikakiweka mfukoni.

Kwenye meza kilibaki kiatu kilichobanwa, na kando yake buti la mchukuzi, limelala ubavu, kisigino chake hakina msumari hata mmoja. Kesho tungeanza na hicho kiatu, kabla ya saa nne.