Ukuta wa Shule ya Kilunda

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka kwenye migomba, Modesta aliteka maji mtoni mara mbili, akafagia uwanja wa mama yake, kisha akapanda mlima kwenda shuleni Kilunda. Umri wake ulikuwa miaka kumi na mitatu. Shule ilikuwa kibanda cha miti na udongo kwenye mteremko wa Uluguru, na mbingu ikitakata watu waliona moshi wa garimoshi kule chini Morogoro. Zama hizo Wajerumani ndio waliotawala, na reli yao ilikuwa bado inajengwa kuelekea bara.

Mwalimu Agustino alifundisha wakubwa. Wadogo kumi na wawili alimkabidhi Modesta, kwa kuwa alijua kusoma kuliko wenzake wote. Kitabu kilikuwa kimoja tu. Watoto walikizunguka mkekani, Modesta akasoma mstari, nao wakaitikia kwa pamoja. Kilisimulia habari za nchi ya baridi na watoto waliocheza kwenye theluji. Hakuna aliyejua theluji ni kitu gani, lakini waliitikia kwa nguvu zote.

Modesta alikuwa na siri. Bernadeta, mtoto wa miaka minane, alikaa upande ambao herufi zote zilikuwa kichwa chini miguu juu, na bado alisoma bila kukwama. Siku moja Modesta alifunika ukurasa kwa kiganja. Bernadeta aliendelea kama kawaida, na wenzake vilevile. Walikuwa wamekariri kitabu kizima, na herufi hawakuzijua. Modesta alinyamaza, kwa sababu Mwalimu alimsifu kila Jumamosi mbele ya wakubwa, naye alizipenda sana sifa hizo.

Kisha Padri akapanda kutoka misheni kuja kuwapima. Alitoa mkobani kitabu kingine, akampa Bernadeta. Mtoto alikitazama, akaanza kwa sauti safi kusimulia theluji.

"Mwanangu, hapa hapana theluji," Padri alisema kwa upole. Akamwita wa pili, na wa tatu. Wote walikuwa na theluji ileile.

Padri alikirudisha kitabu chake mkobani. "Mwalimu Agustino, kuna vijiji bondeni vinavyoniomba shule kila siku. Nitarudi kabla ya mavuno. Nikikuta hawasomi, hii nitaifunga."

Alipoondoka, Modesta alibaki mlangoni. "Mwalimu, mimi nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za vuli. Nilitaka uendelee kunisifu."

Mwalimu alimtazama kwa huzuni. "Kesho uwaombe radhi wadogo wenyewe. Kisha utafute namna ya kuwafundisha. Kitabu kingine sina."

Modesta alilia njia nzima. Kesho yake aliwaomba radhi watoto huku amejiinamia. Bernadeta akauliza, "Dada, mbona sisi hatumo kwenye kitabu?"

Modesta alikwenda kijitoni akachimba udongo mweupe, akaandika ukutani kwa kidole: *Jana nyani waliiba mahindi ya mama Bernadeta.*

"Jina langu liko wapi?" Bernadeta aliuliza. Akaligusa herufi moja moja.

Tangu siku hiyo watoto walikuja mapema kuliko umande. Kila mmoja alitaka habari yake iandikwe, na sharti lilikuwa moja: asome kwanza ya mwenzake. Modesta naye alizibadilisha sentensi kila jioni zisikaririke, leo nyani, kesho nguruwe. Baadaye wakaanza kuandika wenyewe, ukuta ukajaa hadi pale mikono yao ilipofika. Kila Jumamosi waliukandika udongo mpya, wakaanza upya. Bernadeta peke yake alisoma za wengine tu, yake hakuitoa.

Mahindi yalipoanza kukauka, Padri alirudi.

"Tumsifu Yesu Kristo," watoto walimwamkia.

"Milele, amina." Alizunguka ukuta, kisha akamwita Bernadeta. "Nisomee unapotaka."

Bernadeta alimpeleka nyuma ya mlango, chini kabisa, mahali ambapo hata Modesta hakupajua. Akasoma polepole, kidole chini ya kila neno: *Baba alikwenda kazi ya reli. Aliniambia nimtunzie jembe. Ninalitunza. Baba hajarudi.*

Padri alivua kofia yake. Akachovya kidole kwenye udongo mweupe, akaandika chini yake, bila kutamka: *Baba yako anaitwa nani?*

Bernadeta aliyatazama maneno, midomo ikimcheza. Kisha naye akachovya kidole, akaandika: *Lukasi.*

"Shule itabaki," Padri alisema.

Jumamosi ile walikandika ukuta wote, wakaiacha kona ya nyuma ya mlango. Mwalimu Agustino alimsogeza Modesta kando.

"Leo nakusifu kwa haki," alisema. "Uliposema ukweli, ndipo ulipoanza kufundisha. Na wewe na mimi tumejifunza kwamba mtoto akiandika lake la moyoni, atapenda kusoma na ya watu wengine. Usilisahau hilo utakapokuwa mwalimu."

Mkononi Bernadeta alikuwa ameshika kile kitabu cha zamani, safari hii kikiwa kimeelekea sawasawa. "Dada," alisema, "sasa nataka kujua hiyo theluji ni nini. Usinisomee. Nitasoma mwenyewe."