Maoni ya Sericho

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, kabati la chuma katika chumba namba saba cha Lojingi ya Tulia, mjini Isiolo, lilikuwa wazi. Kufuli lake lilikuwa sakafuni, zima, bila hata mkwaruzo.

Inspekta Kajuju alichuchumaa akalitazama bila kuligusa. Vishikwambi viwili vilikuwa vimetoweka. Kwenye rafu ya juu ya kabati hilohilo kulikuwa na bahasha ya nauli, haijafunguliwa.

"Mwizi gani huyu anaacha pesa?" Konstebo Mako aliuliza.

"Anayejua anachotaka. Piga picha kwanza."

Magdaline, msimamizi wa kampuni ya utafiti wa maoni kutoka Nairobi, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba chumba hicho walikikodi cha kuwekea vifaa tu, na hakuna aliyelala humo. Vishikwambi hivyo vilibeba maoni ya wakazi wa Isiolo kuhusu waziri mpya wa ulinzi. Kabla ya kuteuliwa, waziri huyo alikuwa akiongoza kampuni iliyoliuzia jeshi magari ya kivita. Sasa yeye ndiye angeidhinisha ununuzi. Nchi nzima ilikuwa ikibishana kama hilo ni jambo sawa.

"Nani aliwahoji watu?"

"Wawili. Kawira alihoji Bulla Pesa, hapa mjini, na Kinna. Njeru alienda Sericho."

"Mna nakala?"

"Za Kawira zilishatumwa kwa mtandao. Za Sericho zote zilikuwa ndani ya kifaa. Huko mtandao ni wa kubahatisha."

Kajuju alitoka akakagua mlango. Nao haukuwa umevunjwa.

Mkuu wa kituo hakuwa amesubiri upelelezi. Ebla, mhudumu wa lojingi, ndiye aliyetunza funguo za vyumba. Alikuwa tayari seli, na kesho yake asubuhi angepelekwa mahakamani kwa wizi.

"Salaam aleikum, dada," Mako alimsalimu.

"Aleikum salaam. Mmekuja kunipeleka kotini?"

"Bado," Kajuju alisema. "Ufunguo wa chumba namba saba ulikuwa wapi jana jioni?"

"Kwa msumari, nyuma ya kaunta. Kila mtu anauona."

"Uliondoka kaunta?"

"Magharibi, kuswali. Kwani kuswali nako ni kwa ruhusa ya polisi?"

"Nani alikuona?"

"Mungu."

"Huyo siwezi kumwita kizimbani."

"Basi umepoteza shahidi mzuri, afande."

Mako aligeuza uso asionekane akicheka. Ebla hakucheka. Alishika nondo za mlango kwa mikono miwili.

"Nimeomba kazi ya upishi shuleni. Wanataka cheti cha mwenendo mwema. Jina langu likisomwa kotini, hiyo kazi imeisha, hata nikishinda kesi. Wewe unajua."

Kajuju alijua. Hakumwahidi kitu.

Mjini, kesi ilikuwa imeshaamuliwa. Mwizi alikuwa Gikonyo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye tangu uteuzi utangazwe alikuwa akimsifu waziri kila penye masikio. Kajuju alimkuta mlangoni pa duka lake akizozana na M'Ikiara, mchuuzi wa miraa wa upande wa pili wa barabara.

"Rudisha maoni yetu!" M'Ikiara alipaza sauti. "Uliona tumemkataa mtu wako!"

"Maoni yako nitamwuzia nani, M'Ikiara? Hata bibi yako hayataki."

Watu waliosimama wakaangua kicheko.

"Fisi amekabidhiwa bucha, na wewe unampigia makofi!"

"Huyo mtu ameuza magari ya jeshi miaka mingi. Anajua bovu na anajua zima. Ama ungetaka waziri ambaye hajawahi kufungua boneti?"

"Nataka ambaye hatajiuzia mwenyewe na kujilipa mwenyewe."

"Jana jioni ulikuwa wapi, Bwana Gikonyo?" Kajuju aliuliza.

Kicheko kilikatika.

"Nanyuki. Matanga ya shemeji. Nimerudi saa hii, hata buti sijapangusa vumbi."

Mako alipiga simu mbili. Gikonyo alikuwa amelala Nanyuki, na ndiye aliyeongoza maombi.

Kajuju aliwahoji watafiti, mmoja mmoja. Aliwauliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Alianza na Kawira.

"Ni swali gani liliwasumbua watu?"

"La mifugo," Kawira alijibu bila kufikiri. "Kabla ya kuuliza habari ya waziri, tunauliza hali ya maisha. Una ngamia wangapi, ng'ombe wangapi. Aki, afande, Kinna walinikatalia kabisa! Mzee mmoja alibeba kigoda chake akaondoka. Mwingine akaniambia mali ikihesabiwa huisha. Niliandika 'hakujibu' mpaka mkono ukachoka. Najua Madam atanigombeza."

Njeru aliingia akiwa amenyoosha shati. Alikuwa kijana wa Embu, mwenye shahada ya takwimu, na alijibu kwa ufasaha.

"Ni swali gani liliwasumbua watu wa Sericho?"

"La waziri. Waliogopa kidogo, lakini karibu wote walimkataa."

"Na la mifugo?"

"Hilo halikuwa na shida. Walijibu vizuri. Kuna mzee Halkano, kwa mfano, ana ngamia thelathini na wawili. Jirani yake ana kumi na tisa."

"Walikutajia idadi?"

"Ndiyo. Wote."

Kajuju aliweka kalamu chini. Kwao Meru, mtu angekutajia ng'ombe wake mmoja mmoja, jina na lita za maziwa. Kwa Embu ni vivyo hivyo. Lakini miaka yake ya kazi katika kaunti hii ilikuwa imemfunza kwamba mfugaji hamhesabii mgeni mifugo yake. Atakwambia wapo, atamshukuru Mungu, kisha atakukaribisha maziwa. Mmoja angeweza kuvunja mwiko huo. Sericho nzima, hapana.

Hata hivyo, hiyo ilikuwa shaka tu. Haikuwa ushahidi.

Alimpigia simu chifu wa Sericho.

"Mtafiti?" chifu alishangaa. "Hapa hajafika. Wiki hii tumepata lori moja tu, la unga. Mgeni angekuja ningemwona, na angekunywa chai kwangu."

Kisha Kajuju akamwita Magdaline.

"Leo asubuhi ulikuwa ufanye nini na vile vifaa?"

"Kusikiliza. Huwa vinarekodi sauti wakati wa mahojiano, ili tuhakiki."

"Watafiti walijua?"

"Niliwaambia jana jioni, wakati wa kurudisha vifaa."

"Nani aliweka vifaa kabatini?"

Magdaline alifikiri. "Njeru. Yeye ndiye aliyefunga."

"Ulilivuta kufuli kuhakikisha?"

"Hapana."

Kajuju alirudi chumba cha mahojiano. Hakupandisha sauti.

"Chifu wa Sericho hakujui, Njeru. Siku zote hizo ulikuwa unalala wapi?"

Njeru alitazama dirisha. Baadaye akaitazama meza.

"Bulla Pesa. Kwa binamu yangu."

"Vifaa viko huko?"

"Ndani ya gunia la makaa."

Mako alivileta kabla ya saa sita, vyeusi kwa vumbi lakini vizima. Maungamo yenyewe yalichukuliwa na inspekta mwingine, kama sheria inavyotaka. Kajuju aliyasoma yalipokamilika.

Gari la Sericho lilimwacha Njeru siku ya kwanza. Aliambiwa lingine halijulikani litapatikana lini. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo, na kampuni ilikuwa imeahidi ajira ya kudumu kwa atakayefanya vizuri. Aliona aibu kupiga simu na kusema ameachwa na gari. Akajifungia chumbani kwa binamu yake akawajibia watu wote wa Sericho, mwanzo hadi mwisho. Aliposikia habari ya sauti, alijua kwamba kifaa kilikuwa kimenasa redio ya jirani tu, na yeye mwenyewe akikohoa. Alipachika kufuli bila kulibana. Ebla alipokwenda kuswali, alichukua ufunguo msumarini, akaingia, akaurudisha. Alichukua vifaa vyote viwili ili uonekane wizi wa mtu wa nje.

"Kwa nini uliandika kwamba wanamkataa waziri?" Kajuju alimwuliza akiwa anapelekwa seli.

"Nilidhani ndivyo wangesema."

"Huenda. Lakini hukuwauliza."

Alasiri hiyo Ebla aliachiliwa bila mashtaka. Kwenye kaunta ya kituo alikabidhiwa simu yake na mkufu wake. Magdaline alikuwa hapo akitia sahihi kupokea vishikwambi.

"Samahani, dada," Magdaline alisema. "Tulikukosea." Akavitazama vishikwambi. "Sijui nitaandika nini sasa kuhusu Sericho."

"Mimi ni wa Sericho," Ebla alisema. "Mama yangu yuko huko mpaka leo."

Magdaline alimgeukia haraka. "Kweli? Basi unamwonaje huyu waziri mpya?"

Ebla alivaa mkufu, akafunga kishikizo chake polepole.

"Umekaa kwetu lojingi wiki nzima," alisema. "Ungeniuliza, ningekuambia asubuhi yoyote nilipokuletea chai."

Akajitanda mtandio, akatoka.