Keki ya Asali Isiyo na Yai

Foleni ya unga dukani ilikuwa ndefu, na dada muuza miwani hakujaliwa subira. Alivaa gauni la kijani, miwani yake ameipandisha kichwani, na kwapani amebana riwaya yenye madoa ya mafuta. Mchana aliuza miwani. Akirudi nyumbani alioka vyakula vyote alivyovisoma vitabuni. Mikate ya mazimwi alishaiweza, biskuti za maharamia pia. Sasa keki moja ilikuwa imemtoa jasho, naye hakuwa mtu wa kukubali kushindwa na unga.

"Kitabu kizuri hicho?" aliuliza mwanamume wa nyuma yake, shati la kitani limenyooka kwa pasi.

"Kitabu kizuri. Mwandishi ndiye ningempiga mwiko. Keki ya asali, ghorofa tano, bila yai hata moja. Kila nikiipika inakaa chini. Huyu hajawahi kushika unga maishani mwake."

"Labda ana siri yake."

"Basi aitoe, asali inaniishia."

Mwanamume huyo ndiye aliyekiandika kitabu. Angesema pale pale, yangeisha kwa kicheko. Lakini alivutwa na zile hasira, na anayevutwa huwa hana akili timamu. Akaomba namba ya simu, akajitambulisha kwa jina la nyumbani, si lile la kwenye jalada.

Haikupita muda akawa mtu wa jikoni kwa dada, akichekecha unga kila Jumapili. Shangazi wa dada, mwenye nyumba, aliwachunga kwa jicho moja. La pili lilikuwa kwenye tamthilia.

Siku za kazi walipigiana simu.

"Hujambo, asali wangu?"

"Usiniite asali, nimeichoka. Jana imeanguka tena. Nipunguze maziwa?"

"Usikate tamaa, mpenzi. Umekaribia."

Hakuwa amekaribia popote. Keki ile mwandishi aliitunga akiwa na njaa, bila kumuuliza mpishi yeyote. Kila siku aliyonyamaza iliifanya kesho yake kuwa ngumu zaidi.

Jumamosi moja dada alikwenda duka la vitabu kununua riwaya mpya ya mwandishi yule yule. Akamkuta mpenzi wake nyuma ya meza, kalamu mkononi, akiwatilia wasomaji sahihi.

"Niandike jina gani?" aliuliza mwandishi bila kuinua macho.

"Mpumbavu. Andika, kwa mpumbavu aliyemaliza asali ya mtaa mzima."

Alipoinua macho, gauni la kijani lilikuwa linatoka mlangoni.

Alipiga simu, haikupokewa. Akaenda, akasimamishwa na shangazi mlangoni.

"Hataki kukuona, baba. Na mimi sitaki, ingawa nilishakuzoea."

"Naomba umwambie keki ile haipo. Niliitunga tu."

"Nimesikia," ilijibu sauti kutoka jikoni. Dada alitokea, unga hadi viwikoni. "Ulinitazama nikihangaika, ukaniambia nimekaribia."

"Niliogopa ungeniacha."

"Ningekucheka. Ningekupiga mwiko kwanza, halafu ningekucheka. Nisichoweza ni kuishi na mtu nisiyejua lini anasema kweli na lini anatunga."

"Sina utetezi. Nakupenda, na hilo sikulitunga."

Dada akampisha njia.

Mezani ilisimama keki ya asali, ghorofa tano, wima. Dada alikuwa ameponda ndizi mbivu badala ya mayai, akaoka kila ghorofa peke yake, kwa ubishi mtupu.

"Unasema haipo. Hii ni nini?" Alimkatia kipande. "Onja, uniambie."

Shangazi alizima televisheni. Mwandishi alitafuna polepole. Hakuna alichokitaka duniani zaidi ya mwanamke huyu, na neno la kumfurahisha lilikuwa tayari ulimini.

"Imesimama," alisema. "Sikuwahi kufikiri itasimama. Lakini ni kavu, na asali imezidi."

Dada alichukua kisu. Alijikatia kipande, akala mpaka kikaisha, na macho yakamlowa.

"Ni kavu kweli," alisema. "Sasa sema kilichokuleta."

"Nataka tuoane."

"Nimekubali. Kesho naipika upya, na ikiwa mbaya utaniambia ni mbaya."